Jibu Lilikuwa Mkononi Mwake

Ipo siku moja ya Machame nisiyoisahau, mwanangu, na kila nikiikumbuka hasira hunipanda upya, na uzee wangu huu haunisaidii kitu.

Nilikuwa kidato cha pili. Mwalimu wetu wa Kiswahili, mgeni huku kwetu, alitusomea hadithi ya mtu ambaye ng'ombe wake alikata kamba akala migomba ya jirani. Kulipokucha, mtu yule akachuma jani la isale, mmea huu tunaoupanda mipakani, akampelekea jirani. Mwalimu akauliza, jani lilikuwa la nini? Rafiki yangu Ndeshi akajibu kwamba mtu yule aliomba msamaha. Mwalimu akachungulia kitabu chake cha majibu, akasema ni zawadi. Ndeshi akashikilia lake. Akafukuzwa, asirudi bila mzazi. Eti mbishi!

Kesho yake baba yake akaja. Alivua kofia mlangoni pa darasa, akanyoosha jani la isale kwa mikono miwili. Mwalimu hata shikamoo hakutoa. Alilipokea, akafutia vumbi la chaki mezani, akalitupa chini. Kwetu isale haikataliwi. Hata ugomvi wa damu huishia kwenye jani hilo. Mzee akaliokota, akaondoka. Tukajua shule ya Ndeshi imekwisha.

Mwalimu mkuu, mtu mzima wa Masama hapo jirani, aliyaona yote kutoka barazani. Akaingia, akasema polepole, "Mwalimu, jibu ulikuwa nalo mkononi. Umelifutia meza."

Akamtuma akachume isale mwenyewe, aipeleke kwa akina Ndeshi. Ikapokelewa, na Ndeshi akarudi.

Ugeni haukuwa kosa la mwalimu yule, na kuuliza si ujinga. Ila hakuuliza. Na ninyi walimu wa leo? Juzi mjukuu wangu kanisomea majibu aliyokariri kwenye simu, hadithi yenyewe hajaigusa, na mwalimu wake kampa vema! Huko ni kufundisha au kufuga kasuku? Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Hapo nawakatalia. Kazi ya mwalimu ni ipi basi?

Sasa wewe unakwenda kufundisha Bomang'ombe, mwanangu. Mtoto akikupa jibu lisilokuwemo kitabuni, weka kalamu nyekundu chini kwanza. Muulize ameliona wapi, kisha mrudi pamoja kwenye hadithi, mtafute na kile ambacho mwandishi hakukisema.

Nenda salama. Mungu akujalie kuliona jani, na aliyelibeba umwone.