Moshi Usio na Joto

Mwaka wangu wa kwanza wa kazi Kyela, nikiwa ufukweni, niliona moshi mweusi mzito ukipanda katikati ya Ziwa Nyasa. Nikapiga kelele kwamba boti inaungua. Mwenzangu, mrushaji wa droni yetu ya doria na mzaliwa wa Itungi, bandari ya hapo hapo ziwani, akacheka. Nikamfokea: watu wanakufa, wewe unacheka! Akairusha droni, kisha akanisogezea skrini.

Kamera ya droni ile ina kihisi kinachopima joto, na chenye moto hukionyesha cheupe. Moshi wangu ulikuwa wa bluu, baridi kama maji yaliyo chini yake. Walikuwa wadudu wa ziwani, wale wanaopanda juu kwa wingi hadi kufanya wingu. Droni ilipogeuka kurudi, kitu kikang'aa cheupe pee ufukweni, bila hata uzi wa moshi. Hapo wafinyanzi wa Kikisi, kabila la mwambao huo, walikuwa wamechoma vyungu vyao, na makaa yalikuwa bado hai chini ya majivu ya nyasi.

Nimelelewa nikiambiwa panapofuka moshi hapakosi moto. Kihisi kile, kidogo kama punje ya mchele, hakijawahi kuisikia methali hiyo. Ndiyo maana hakikudanganyika.