Leso Kwenye Mstari wa Chaki

Mwanangu Mueni, siku ambayo foklifti kubwa nyekundu ilikanyaga leso yangu naikumbuka kama ya jana, na kila nikiikumbuka naona fahari. Usiniambie najisifu. Nimesikia huko Katangi mmemaliza kujenga stoo ya chama cha wakulima, na wewe ndiwe umepewa kazi ya kuchagua foklifti ya kuinulia magunia. Kaa basi nikusimulie. Chai iko kwenye thamosi.

Wakati huo nilikuwa msichana wa stoo pale Muthetheni, mshika funguo na mpokeaji wa magunia. Wakulima walileta ndengu na mahindi, vijana wakayabeba mgongoni hadi juu ya rundo. Stoo yenyewe ilikuwa nyembamba. Kando ya njia, kwenye pengo kati ya marundo palipoingia mwanga wa dirisha, ndipo mama yako Ndinda alipokaa na wenzake wakichagua ndengu. Hapakuwa na mahali pengine pa kukaa.

Chama kilipoamua kununua foklifti, mwenyekiti wetu, Mzee Kioko, alikuwa ameshachagua moyoni. Alitaka kubwa, ya dizeli, itakayonguruma hadi watu wa sokoni wageuke. Alikuwa mtu mzuri, Mungu amrehemu, ila alipenda kuonekana. Mimi nilijua mle ndani haitatosha, nikanyamaza. Nani angemsikiliza msichana wa funguo?

Jioni nikamweleza mwaitu, mama yangu mzazi, akiwa anafungua maksai wetu. Shamba letu ni la matuta, vipande vyembamba vilivyopangwa mlimani kutoka juu hadi chini, na kazi yangu tangu utotoni ilikuwa kuwaongoza maksai pale mwisho wa tuta, wageuke bila kubomoa ukingo. Mwaitu alinitazama, akaniambia kwa Kikamba, wala hakunibembeleza: "Kila msimu wewe ndiye unayegeuza. Leo umeona mashine, umesahau kuna kugeuza?" Akaendelea na kamba zake. Iliniuma, mwanangu, lakini alikuwa amesema kweli.

Kulipokucha nikaipima kwa kamba ile njia ya katikati ya marundo, nikaikunja kamba hiyo nikaitia kwenye mkoba. Tulipofika na Mzee Kioko yadi ya muuzaji wa mashine, kando ya barabara ya Mombasa, nikaomba chaki. Nikachora mistari miwili sakafuni, upana wake sawa na kamba yangu. Kisha nikafungua leso kiunoni nikaitandika nje kidogo ya mstari. Muuzaji alicheka. Mzee Kioko alinikodolea macho, lakini nilikuwa nimeshapiga moyo konde.

Dereva wao akaiingiza ile nyekundu. Weee, yule alikuwa fundi! Akapita katikati bila kugusa chaki, na Mzee akaanza kupiga makofi. Halafu dereva akakata kona, kama anayelielekea rundo. Sasa ujue hivi: foklifti hugeuka kwa magurudumu ya nyuma, kwa hivyo mbele ikienda kulia, makalio yake hutupwa kushoto. Makalio ya ile nyekundu yalivuka mstari, gurudumu likapanda juu ya leso yangu na kuisokota.

Nikasema, "Mwenyekiti, hapo kwenye leso ndipo anapokaa Ndinda, na mtoto mgongoni."

Mzee Kioko aliinama mwenyewe, akaiokota leso, akaikung'uta vumbi, akanirudishia kwa mikono miwili. Akamwambia muuzaji aizime dizeli hiyo, tuonyeshwe ile ndogo ya betri tuliyoipita pale mlangoni. Ndogo ikageuka ndani ya chaki kama maksai waliozoea tuta, tena bila moshi. Tukaichukua hiyo. Tangu siku ile Mzee hakununua hata ufagio wa stoo bila kuniuliza, na kila mgeni alipokuja alinitambulisha akisema mimi ndiye niliyemfundisha kugeuka. Miaka yote ambayo mashine ile ilifanya kazi pale, haikumgusa mtu. Sifa hiyo ni yangu na ya mwaitu, sigawi.

Lakini wewe usikimbilie ndogo kwa sababu mimi nilichukua ndogo. Yetu ilikuwa na magurudumu madogo magumu ya sakafu ya saruji, na ua wenu wa Katangi ni mawe na udongo, yangekwama siku ya kwanza. Pengine nyinyi mnahitaji yenye matairi makubwa ya upepo, na kama ni ya dizeli, basi ibaki nje. Uliza mzigo wenu mzito kabisa una kilo ngapi. Uliza kama ule mlingoti wake wa kuinulia mzigo utapita mlangoni, na kama stima yenu ya kuchajia betri ni ya kutegemea. Ila kabla ya hayo yote, uliza ni nani atafanya kazi karibu nayo na anakaa wapi, umpimie huyo nafasi yake kwanza. Ukishajua, sema, hata kama wakubwa wote wameshaamua.

Leso yenyewe hii hapa. Alama ya gurudumu haikutoka, na mimi sikuifua kwa nguvu, maana sikutaka itoke. Nenda nayo Katangi, uitandike. Mungu akupe jicho la kuona na kinywa cha kusema, na kila atakayeingia stoo yako asubuhi arudi kwao jioni akiwa mzima. Maana yule mtoto wa mgongoni, Mueni, alikuwa wewe.