Kitufe Kilichomkaa Shangazi Usoni

Juzi nilikuwa steshenari hapa Bagamoyo, nikisubiri kutoa kopi. Kwenye kompyuta ya pembeni alikaa binti anayejifunza kutengeneza tovuti. Nyuma yake alisimama shangazi yake, mwenye vyumba vya wageni. Idi inakaribia, na tovuti ilikuwa ya vyumba hivyo.

"Imekamilika," binti akasema. Kweli ilipendeza: shangazi anatabasamu mlangoni, na chini ya picha kuna kitufe cha kijani cha kuagiza chumba.

Shangazi akaifungua kwenye simu yake. Akaisogeza mbali na macho, akairudisha karibu. "Mwanangu, mbona kitufe kimenikaa usoni?"

Binti akafuta mstari, akaandika mwingine. Kwenye simu uso ukarudi; kwenye kompyuta kitufe kikatoweka.

"Jamani, nimeandika kitu kilekile! Kwa nini kila kivinjari, kila programu ya kufungulia tovuti, kinasoma kivyake?"

Umbea ukanishinda, nikafungua kwenye simu yangu. Kwangu shangazi alikuwa amerefuka kama mnazi.

Shangazi akatutazama. "Sasa mgeni wangu atafungulia simu ipi?"

"Sijui, shangazi."

"Basi weka namba yangu juu kabisa, kwa maandishi makubwa."

Naambiwa kanuni za tovuti ni moja dunia nzima. Sibishi. Mwezi nao ni mmoja, na Idi bado tunaswali siku tofauti.

Jana nikafungua tena. Kitufe sikukiona, ila namba ilikuwepo. Nikapiga, kwa udadisi tu, nikatoa salamu.

"Waaleikum salaam, karibu sana," shangazi akaitikia. "Hebu niambie kwanza, kwako uso wangu unaonekana?"