Siku Nilipombeba Mama Mkwe

Watu wakiniuliza kwa nini sipandi pikipiki, mimi niliyezunguka nayo nusu ya Taita nikiwa kijana, husingizia mgongo. Mgongo wangu hauna neno. Ukweli ni kwamba mwishoni mwa miaka ya sabini nilimwangusha mama mkwe wangu mtaroni mbele ya watu wasiopungua thelathini, kisha nikamwangukia juu, na hilo la kumwangukia (ambalo ndilo wenzangu hulicheka wanapolisimulia) si baya kuliko yote.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada yangu ya mifugo, nikapewa kazi ya kukagua ng'ombe katika maranchi ya Kishushe, ambako barabara ilikuwa mchanga na mawe na gari likipita watu walisimama kulitazama. Ofisi ilinikabidhi pikipiki ya magurudumu yenye meno, ila haikunifundisha kuiendesha. Kazi hiyo ilimwangukia Mwadime, tarishi wetu, mtu wa makamo aliyeishia darasa la nne na ambaye kwa miaka mingi alikuwa amepeleka barua ranchi hadi ranchi bila kuanguka. Alisimamisha mapipa mawili matupu ya dawa ya kuogeshea ng'ombe kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya ofisi, akaniamuru niyazunguke kwa umbo la nane, jioni baada ya jioni, nami nikaanguka jioni baada ya jioni, huku wachungaji waliokuja kutazama wakisema kwa upole kabisa, "Digrii imelala tena."

"Pikipiki ndiyo ilale, bwana afisa, si wewe," Mwadime alikuwa akiniambia. "Wewe baki wima juu yake. Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona. Sogea mbele, gurudumu la mbele lipate uzito. Kanyaga kwa nguvu upande wa nje. Na usiangalie shimo unaloliogopa, angalia pale unapotaka kutokea."

Baada ya majuma kadhaa nikaweza. Nikaweza kiasi cha kuanza kuzipenda kona kuliko barabara iliyonyooka, na kiasi cha kusahau ni nani aliyenifundisha.

Jumamosi moja nilikuwa juu milimani, karibu na Wundanyi, nyumbani kwa wazazi wa mke wangu, Wakesho. Tulikuwa hatujamaliza mwaka tangu tuoane. Asubuhi Mwadime akafika kwa pikipiki yake. Alikuwa amekwenda posta kuchukua barua za ofisi, akapewa simu ya maandishi ya kuleta pale. Kaka wa pekee wa mama mkwe alikuwa hospitalini Mombasa, hali yake mbaya, na alikuwa akimwita dada yake. Gari la kuteremka Voi lilikuwa limeshaondoka. Basi la Mombasa lingepita Voi saa sita.

Sasa ni lazima nieleze jambo moja kwa wasiotoka kwetu. Mkwe hamgusi mama mkwe, na maneno baina yao hupitia kwa mtu wa tatu. Hata asubuhi ile, nikiwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, mama alisema, "Wakesho, mwambie mumeo sina la kufanya ila kwenda."

Mwadime akanivuta nje, nyuma ya zizi. "Nitampeleka mimi. Mimi si mkwe wake. Atanishika kiunoni, tutalala kona pamoja, na kabla ya saa sita tuko Voi."

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Niliwaza jinsi tutakavyopita sokoni Wundanyi, mama mkwe wa msomi akiwa amebebwa na tarishi, na msomi mwenyewe na pikipiki yake mpya akifuata nyuma kama askari wa kusindikiza. Nikasema, "Mama nitambeba mwenyewe."

"Mtashikana vipi?"

"Tutaweka sanduku lake katikati."

Hakunitazama mimi, aliitazama pikipiki. "Sanduku litamsukuma nyuma kabisa. Mbele kutakuwa kwepesi. Na mimi nilikufundisha kona ya mtu mmoja."

"Hayo tuliyasoma chuoni, Mwadime," nikamjibu. (Hatukuyasoma chuoni wala popote.) Ndani nikawaambia kwamba ofisi hairuhusu tarishi kubeba mtu.

Basi tukaondoka, sanduku la bati likiwa limefungwa kwa kamba nyuma yangu, na mama nyuma ya sanduku, juu ya karia, ameketi upande, miguu yote miwili kushoto, ameshika kamba. Mwadime alifuata kwa mbali. Usukani ulikuwa mwepesi mkononi, gurudumu la mbele likipapasa barabara kama mtu anayetafuta swichi gizani, nami nikajiambia ni changarawe tu. Mama hakuweza kuniambia kitu, maana hapakuwa na mtu wa tatu. Lakini tulipokuwa tunateremka kuelekea Mwatate nikasikia nyuma yangu sauti yake ikisema taratibu, "We sanduku, huyu mtu anakimbia sana."

Nilimsikia. Mkwe mwenye akili angepunguza mwendo. Mimi niliinua macho nikaona chini kwenye kona kundi la watu waliokuwa wakijaza mawe sehemu zilizoliwa na mvua, wanaume na majembe, wanawake na karai, na wote walikuwa wamegeuka kututazama. Nikaamua kuwaonyesha kona.

Ilikuwa ya kushoto. Nikailaza pikipiki, nikabaki wima, nikakanyaga upande wa nje, nikaangalia pa kutokea. Kila kitu nilikifanya kama nilivyofundishwa, isipokuwa kupunguza mwendo. Mama alipoona ardhi inaijia miguu yake akaegemea upande wa pili, kama ambavyo angefanya mtu yeyote asiyeambiwa, na nani angemwambia? Gurudumu la mbele likateleza, tukaenda moja kwa moja mtaroni.

Nilijikuta juu yake. Sanduku lilikuwa limefunguka, na kanga, gauni la kanisani na nguo ambazo mkwe hapaswi hata kujua kwamba zipo zilikuwa zimetawanyika kwenye mawe.

"Kijana," mwanamume mmoja akasema, ameegemea jembe lake, "huyo si mama wa mke wako?"

"Ndiye."

"Basi toka juu yake."

Nikanyoosha mkono nimwinue. Mwanamke mmoja akaniwekea karai kifuani. "Usimguse tena. Umeshamgusa vya kutosha."

Mwadime akafika, akanipita, akamwinua. Mkono wa kulia ulikuwa umepinda juu ya kifundo. Mama hakulia. Alifuta vumbi usoni kwa ule mzima, akasema, "Mwadime, hebu mwulize mume wa Wakesho kama basi litanisubiri."

Mwadime hakuniuliza. Alimpakia, akampitisha zahanati ya Mwatate akafungwe mkono, na walipofika Voi basi lilikuwa limepita. Mama alisafiri kesho yake. Kaka yake alikuwa amekufa alfajiri ile, na wauguzi walimwambia kwamba usiku kucha alikuwa akiuliza kama dada amefika.

Wazee walinitoza mbuzi na pombe ya miwa kwa ajili ya kumwangukia mkwe, nikatoa, mambo yakaisha. Kwa ile kona hawakudai kitu. Mama aliporudi alisema mbele yangu, "Wakesho, mwambie mumeo asijisumbue moyo. Hapakuwa na njia nyingine ya kunifikisha." Wakesho akanigeukia na kunishika mkono, nami nikaitikia kwa kichwa.

Mama bado yu hai, na bado anaamini hivyo. Mwadime amestaafu, hajawahi kulitaja lile tuliloongea nyuma ya zizi. Niliapa kutopanda pikipiki tena, kiapo rahisi ambacho hakijanigharimu kitu. Kile kigumu, cha kumwambia mke wangu kwamba njia nyingine ilikuwapo na mimi ndiye niliyeikataa, nimekiahirisha miaka yote hii. Wakesho husoma kila ninachoandika.