Palipo Tupu Niliandika Sifuri

Mama alipomfuata baba kaburini kule Butiama, niliacha shule kidato cha pili nikalea wadogo zangu. Wote sasa wameondoka nyumbani. Mimi niko Bunda, chumba kimoja, natunza kumbukumbu za kikundi cha wanawake wanaokausha dagaa.

Kwenye kompyuta ya ofisi kuna hifadhidata: jina la kila mwanakikundi, simu yake, na mwalo, ufuko wa wavuvi, anaoanikia. Zamani kila asubuhi nilifungua tovuti ya hali ya hewa na kunakili utabiri wa kila mwalo kwa mkono. Kisha nikajifunza, peke yangu, kuifanya hifadhidata yenyewe iende kuuliza. Naandika swali moja. Inaingia mtandaoni, inaleta utabiri, inaupanga kando ya majina kana kwamba ulikuwa humo siku zote. Kisha ujumbe unakwenda kwenye simu zao: anikeni, au msianike. Ofisini hapakuwa na wa kumwonyesha. Nikampigia mdogo wangu, mwanakikundi anayeanika mwalo wa Makoko.

"Dada, umeongea na kompyuta mpaka imekujibu!" alicheka. "Sasa tafuta na mume wa kukujibu."

Lakini nilikuwa nimeiacha iulize mara moja kwa kila jina, badala ya kila mwalo. Kikundi kilipokua, maswali yakazidi idadi inayoruhusiwa, na asubuhi moja ile tovuti ikakataa kujibu. Jibu likarudi tupu. Na mimi, ili ripoti ipendeze, nilikuwa nimeagiza palipo tupu paandikwe sifuri. Sifuri maana yake hakuna mvua. Wakaambiwa waanike.

Mvua ilinyesha kabla ya saa tano.

"Wenzangu waliona mawingu wakanikataza," mdogo wangu alisema kwenye simu. "Nikawaambia dada yangu hadanganyagi."

Nyuma yake mwanamke alipaza sauti, "Mwambie huyo dada yako atoke ofisini aangalie juu!" Watu wakaangua kicheko. Mdogo wangu hakucheka.

"Dagaa wangu wote sasa ni wa kulisha kuku," alisema, akakata.

Nilirekebisha: swali moja kwa kila mwalo, na palipo tupu pabaki tupu. Siku jibu likikosekana, ujumbe useme, "Leo sijui."

"Ofisi gani inasema haijui?" mwenyekiti aliuliza.

"Hii, mama."

Wiki zikapita bila mdogo wangu kupiga. Kisha asubuhi moja tovuti ikakataa tena, safari hii kwa hitilafu yake yenyewe, na "Leo sijui" ikaenda kwa wote. Mdogo wangu akajibu kwa ujumbe: "Nimeona. Sijaanika."

Nilikaa na simu mkononi, nikisubiri aongeze neno.