Mama na Jerikeni Yake

Mimi ni mtu wa majivuno, sikatai. Nilipopata kazi ya ukarani kambini Kakuma, miaka ya tisini ikiwa bado mibichi, jambo la kwanza nililofanya ni kumpokonya mama yangu jerikeni. Kwetu, mwana akianza kula mshahara, watu humtazama mama yake. Akionekana bado anachimba mchanga wa lagga, ule mto mkavu, kutafuta maji, aibu ni ya mwana. Wiki yangu ya kwanza kazini alipita mbele ya ofisi yetu na jerikeni kichwani, nami nikageukia ukuta nikajifanya simjui. Jioni hiyo nilimkalisha kwenye kiti mlangoni, nikampa chai ya sukari nyingi, na maji yakawa yanaletwa na jirani yetu, mkimbizi kutoka Kongo.

"Umenifunga kama mbuzi mgonjwa," mama aliniambia. Nikaziba masikio.

Akanenepa, nami nikaona fahari. Kisha akawa anakunywa maji bila kukata kiu, na kidonda kidogo cha mwiba kisiginoni kikakataa kupona. Hapo niliogopa kweli. Tukapanda lori hadi hospitali ya Lodwar.

Daktari, mwanamke mfupi asiye na subira, alitia mkojo wa mama na dawa ya buluu katika kichupa, akakipasha moto. Buluu ikageuka nyekundu kama tofali.

"Sukari. Na kidonda hiki kikizidi, mguu utakatwa. Mama anafanya kazi gani?"

Nikajibu kwa kiburi kwamba mama yangu hafanyi kazi yoyote.

"Ndiyo hiyo sasa," akasema. "Mwili unachoma chakula kama jiko, na jiko lina moshi. Ule moshi ni sumu ndogondogo, zinakwaruza mishipa. Mtu akitembea kila siku, misuli inakula sukari, na mwili unajizoeza kufagia moshi wake. Wewe umemjazia kuni, halafu ukamnyang'anya ufagio."

Akatupa vidonge, akakataza sukari, akasema kidonda kikifunga mama atembee. Njia nzima ya kurudi sikuweza kumtazama mama usoni. Majuto ni mjukuu, na wangu alikuwa amekuja na mizigo yake.

Kidonda nilikiosha mwenyewe, miezi kadhaa, mpaka kikakauka. Siku hiyohiyo mama alivaa ndara zake za tairi, akachukua jerikeni bila kuomba ruhusa ya mtu.

"Mama, unaenda wapi? Maji iko!" jirani akamwita.

"Kunywa wewe," mama akajibu, akashika njia ya lagga.

Walinicheka sokoni wiki nzima. "Karani, mshahara imeisha?" Iliniuma, lakini jerikeni sikuigusa tena.

Tuliporudi Lodwar baada ya miezi mingine, daktari alipasha kichupa moto tena. Nilikikodolea macho mpaka yakaniwasha. Buluu ikabaki buluu. Nililia palepale, mtu mzima mimi, na mama akauliza kama tunaweza kuondoka, maana lori halingoji.

Kesho yake nilikuwa nimesimama nje ya ofisi na wageni kutoka Nairobi. Mama akapita, jerikeni kichwani, shingo imenyooka, shanga zikilia. Mgeni mmoja akauliza yule mama mwenye nguvu vile ni nani.

"Yule ni mama yangu," nikasema, kwa sauti ya kusikika hata ng'ambo ya lagga. "Na miguu ile, yote miwili, ni yake."