Visu Vitano Ndani ya Mchele

Shangazi yangu analima kahawa kwenye milima ya Ileje. Mwaka ule kikundi chao kilikuwa kimefundishwa kubebesha miche, yaani kukata kikonyo cha mche bora na kukiunganisha kwenye shina la mche mwingine. Kazi hiyo inataka kisu chembamba, kikali kama wembe. Akampigia kaka yangu, mwenye duka la zana za kilimo hapa Tunduma, akaomba vitano.

Kaka alivinoa mwenyewe asubuhi. Kimoja alikijaribu kwenye nywele za mkono wake, zikaondoka bila maji. Akaniwekea mezani pamoja na vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli.

"Kila kimoja kivalishe mpira, ufunge na kamba," akasema, akatoka kwenda kupokea majembe.

Mama naye alikuwa na lake. Kwetu ndugu hatumiwi chuma kitupu. Lazima kiwepo na kitu cha kuingia jikoni. Akaleta kiroba cha mchele wa Kamsamba, kilo kumi, kwa sababu kule milimani mchele haulimwi. Basi lilikuwa linaondoka saa nne. Mimi nikaona mchele wenyewe utavishika visu vizuri kuliko mpira. Nikavizungushia gazeti, nikavizamisha katikati, nikashona mdomo wa kiroba.

Kwenye ofisi ya basi, karani wa mizigo alinipa kipande cha boksi na kalamu ya wino mzito. "Andika mpokeaji, namba yake na kilichomo."

Mimi huandika polepole. Jina na namba vilinichukua muda, na nyuma yangu watu walikuwa wamejipanga.

"Binti, unaandika wosia?" akauliza mama mmoja mwenye tenga la vifaranga. Watu wakacheka. Nikaandika MCHELE, nikarudisha kalamu.

Niliporudi dukani kaka alikuwa ameshika vile vipande vya mpira.

"Mbona viko hapa?"

"Visu nimeviweka kwenye mchele."

"Vikiwa wazi?"

"Nimevifunga gazeti."

Akakaa juu ya mifuko ya mbolea. "Gari likikata kona tatu, gazeti limekwisha. Na shangazi unamjua."

Nilimjua. Shangazi hapokei nafaka bila kuzamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, achote ya chini kabisa, aitafune mbichi ajue kama imechanganywa. Kaka alikuwa amemwambia visu vinakuja, mama alikuwa amemwambia mchele unakuja. Mtu yeyote angedhani ni vifurushi viwili.

Nikampigia. Hapatikani. Shamba lake liko bondeni, hakuna mtandao mpaka apande barabarani, na angepanda saa nane kulipokea basi.

Kwenye risiti kulikuwa na namba ya kondakta. Nikampa kaka simu.

"Piga mwenyewe," akasema. "Mimi sijui umeviwekaje."

Namba nisiyoijua ikinipigia, mimi humpa mama apokee. Nilibonyeza namba ile. Akapokea kwenye kelele za muziki.

"Nani?"

"Mimi... wa mzigo."

"Mizigo imejaa hapa! Sema kwa sauti, sista!"

"Wa mchele. Ndani kuna visu."

"Kuna nini?"

"Visu! Vitano! Vikali!"

Wateja dukani waligeuka kunitazama. Upande wa pili muziki ukazimwa.

"Kiroba cheupe chenye mstari wa kijani?"

"Ndiyo."

"Nimekikalia tangu kituo cha Mpemba!"

Nikasikia abiria wakiangua kicheko, na mmoja akimwambia amshukuru fundi aliyemshonea suruali. Yeye hakucheka. "Sasa nakifanyaje?"

"Kishike mdomoni tu. Na huyo mama atakayepokea, mwambie asiingize mkono. Aumwage mchele wote chini."

"Rudia hapo mwisho."

Nikaanza kurudia, simu ikakatika. Nilipiga tena na tena, haikuita. Sikujua alisikia nini na nini hakusikia.

Saa nane ikafika, ikapita. Mteja aliomba panga, nikampa reki. Kila nilipofumba macho niliona mkono wa shangazi, ule wenye pete ya ndoa iliyobana, ukishuka ndani ya mchele.

Saa tisa kasoro simu ikaita.

"Mwanangu," akasema shangazi, "mchele nimeumwaga wote kwenye turubai, maana kijana wa basi kanipigia kelele kama mwizi. Kuku wanashukuru."

"Visu, shangazi?"

"Nahesabu." Nikasikia mchele ukichakurwa kwa kijiti. "Vinne."

Kaka alisogea karibu yangu.

"Cha tano hiki hapa. Kimetoboa kiroba, ncha imetokeza chini. Kina damu."

"Umejikata?"

"Mimi mzima. Damu nimeikuta."

Nilikuwa nimemwambia kondakta akishike mdomoni. Lakini nani anashusha kilo kumi kwenye basi bila kukinga mkono chini?

Kaka alinyoosha mkono achukue simu, ampigie kondakta yeye mwenyewe. Tayari nilikuwa nimeshapiga.

"Wewe tena," akasema kondakta, bila ukali.

"Umeumia wapi?"

"Kiganja. Nimefunga leso."

Nikamwomba msamaha. Nikamwambia nilijua kilichomo na sikukiandika. Akauliza, "Hicho kisu kilikuwa kisafi?"

"Kipya. Kimenolewa leo. Damu imekata?"

"Bado kidogo."

"Nenda zahanati."

"Gari linageuza sasa hivi, sista."

"Mpe dereva simu."

"Dereva wa nini?"

"Mpe."

Ikaja sauti nzito ya mtu mzima ikiuliza nani anaongea. Nikajitaja, nikamweleza kuanzia kwenye gazeti, naye akanisikiliza mpaka mwisho. Jioni basi liliingia Tunduma limechelewa, na kondakta alikuwa ameshonwa nyuzi tatu.